Ukifika Jericho, Uliza Fundi

Ukimwuliza Fundi alioa lini, hakutajii mwaka. Anakuambia alioa siku zile Wamarekani walipompiga risasi rais wao ndani ya gari lisilo na paa. Ukimwuliza binti yake Mwende ana umri gani, anakuambia alizaliwa majira ambayo rais mwingine wa huko aliacha kazi kwa ajili ya kusema uongo, kisha anasimamisha tezo yake ya kuchongea hewani na kukukazia macho. "Kwa uongo tu," anasema. "Hata hakuiba." Nimemsikia akisema hivyo tangu nikiwa kijana wa shule mpaka leo nina mvi, na kila mara anashangaa kana kwamba habari hiyo imemfikia asubuhi.

Sisi tuliokulia Jericho, kwenye safu yetu ya nyumba za kaunsil ya jiji, hatukumwita kwa jina. Mafundi walikuwa wengi mtaani, wa saa, wa viatu, wa mabomba ya maji, lakini hao walihitaji kuongezewa neno. Ukisema Fundi na kunyamaza, kila mtu alijua unamsema yule Mkamba wa vinyago mwenye mlango wa buluu. Nyumba yetu ilishikana na yake. Baba yangu alikuwa mtu wa Magharibi, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na ukuta uliotutenganisha na Fundi ulikuwa mwembamba hivi kwamba redio yake ndiyo iliyokuwa redio yetu. Mama akitaka habari alinyamazisha sufuria.

Habari za Amerika Fundi hakuzifuata kwa starehe. Mdogo wake wa pekee alikuwa huko. Alipanda ndege pamoja na wanafunzi wengine wakati nchi ilipokuwa ikikaribia uhuru, na kila familia yenye mtoto aliyefaulu ilikuwa ikimtafutia njia ya kwenda ng'ambo. Siku ya mwisho alilala kwa Fundi, kwenye mkeka, nyuma ya ule mlango wa buluu. Kwa miaka kadhaa barua zake zilikuja kutoka mji mmoja wa baridi ulio kando ya ziwa, halafu zikakatika. Fundi hakusema kwamba amekufa, wala hakusema kwamba amepotea. Alisema, "Hajafika." Na kwa kuwa nyumba ile ya Jericho ndiyo pekee ambayo mdogo wake aliijua Nairobi nzima, Fundi aliapa kwamba hatahama humo mpaka huyo mtu aje apige hodi.

Kiapo hicho hakikuwa cha mchezo. Majirani walipata viwanja Kayole, wengine wakanunua nyumba Buruburu, wakaondoka na makochi yao juu ya pikapu. Fundi aliwasaidia kubeba, akawaaga, akarudi ndani. Mwaka fulani wapakaji wa kaunsil walikuja kupaka milango yote rangi ya kijani. Fundi aliwangoja wamalize safu, akawapa chai, akawashukuru kwa kazi nzuri, na jua halijatua alikuwa ameurudishia mlango wake buluu. Msimamizi aliporudi na kufoka, Fundi alimwambia kwamba kuna mtu aliyeuacha ukiwa buluu, na akirudi akakuta kijani atapitiliza.

Kibanda chake cha kazi kilikuwa kando ya soko la Jericho, mabati machache juu ya nguzo, gogo la kukalia na rundo la vipande vya miti. Kwa kawaida wachongaji hugawana kazi. Mmoja hutoa umbo kwa tezo, mwingine humalizia kwa kisu, wa tatu hupiga msasa, na wa mwisho hupaka rangi ya viatu ili mti wa jakaranda uonekane mpingo. Fundi alifanya yote peke yake kwa sababu hakuna aliyeweza kukaa naye kibandani. Alikuwa mzee wa kanisa, mkali kwa waongo, akiwakaripia akina mama wa soko kwa kutia chumvi katika maneno yao, lakini jakaranda yake aliiita mpingo bila kupepesa jicho. Nilimwuliza siku moja kama hiyo si dhambi. Alisema mti hajawahi kuusikia ukilalamika.

Ndovu wake walikuwa ndovu kweli, na twiga wake walikuwa na maringo. Shida yake ilikuwa nyuso za watu. Dalali mmoja wa mjini alikuwa akimletea picha za Wamarekani, watalii waliotaka sura zao zichongwe wakaziweke juu ya meza huko kwao. Fundi aliitazama picha, akaiweka chini, akachonga, na kila aliyetoka mkononi mwake alitoka na mashavu yaliyoinuka, paji pana, na midomo iliyobana kama ya mtu anayezuia kicheko. Wazungu, weusi, mabibi kwa mabwana, wote sura moja. Dalali alikuwa akishika kichwa. Mama Mwende, mke wake, alikuwa akipita na karai la mboga, anatupa jicho, anasema, "Huyo ni shemeji tena," na kwenda zake.

"Sasa hii ni sura ya mzungu, Fundi?" dalali alimwuliza siku moja, akiinua kichwa cha bibi mmoja mnene wa kutoka Texas.

"Ni sura ya mtu anayekaa Amerika," Fundi alimjibu. "Huyo ndiye ninayemjua mimi."

Watalii wenyewe walipokuja kibandani, hakuwaacha waondoke bila kuwahoji. Kiingereza chake kilikuwa cha kukatakata lakini hakikuwa na woga. Aliwauliza kama wanamjua mdogo wake. Aliwaeleza alama zake: ni mtu wa haya, anapiga mluzi akifikiri, na bega lake la kushoto limeshuka kwa sababu utotoni alibebeshwa magogo upande mmoja. Baadhi walicheka, baadhi walimhurumia. Mwalimu wangu wa shule, aliyesimama pale siku moja kununua kijiko cha mti, alijaribu kumweleza kwamba Amerika ni nchi kubwa na huwezi kumwuliza mtu mmoja habari za mwingine.

Fundi hakumwelewa, wala hakutaka kumwelewa. Kwake yeye, hivyo ndivyo mtu anavyotafutwa. Huku Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, hakuna anayemwelekeza mgeni kwa namba ya nyumba. Unamwambia akifika sokoni amwulize mama wa nyanya, mama wa nyanya atamwonyesha fundi wa saa, fundi wa saa atamfikisha mlangoni. "Nairobi nayo si kubwa?" alimwuliza mwalimu. "Mimi mke wangu nilimpata Gikomba kwa kuuliza. Sikujua hata nyumba waliyokaa. Niliuliza watu." Aliamini kwamba Amerika nayo ni mitaa iliyopangwa, kila mtaa na chifu wake, na kwamba siku moja atakuja mtalii wa mtaa unaostahili. Mwalimu alikwenda na kijiko chake.

Basi kila lililotokea huko tulilijua, na kila moja lilikuwa limefungwa kwenye jambo la kwetu. Mwaka mhubiri wao mkubwa alipouawa akiwa amesimama kwenye roshani ya hoteli, Fundi na Mama Mwende walimzika mtoto wao wa kwanza, aliyekufa kwa surua. Barua ya mwisho ya mdogo wake ilikuwa imekuja kitambo kidogo kabla ya hapo, akisema alikuwa ameandamana pamoja na watu wa mhubiri yule. Redio ikasema miji yao inawaka moto. Mama yangu alinisimulia kwamba wiki ile tezo haikusikika hata mara moja, na Fundi alikaa kibandani akishika kipande cha mti ambacho hakukichonga. Huwa analitaja jambo hilo kwa sentensi moja tu: "Mwaka walipomwua mhubiri, sisi tulizika." Kisha anaongea mambo mengine, nasi tunamfuata kwa hayo mengine.

Vita vya Vietnam navyo vilimnyima usingizi. Karani mmoja alikuwa amemwambia kwamba vijana weusi wanachukuliwa kwa nguvu kupelekwa vitani. Fundi akamwomba mchungaji amwombee "mtu wetu aliye karibu na vita vile." Mchungaji, ambaye alipenda kuyanyoosha maneno, alisimama madhabahuni akaliambia kanisa zima kwamba tuna askari wetu Vietnam. Kuanzia Jumapili hiyo mdogo wake Fundi akawa askari, na Jericho ikampandisha cheo kila mwaka. Nilipofika darasa la sita alikuwa tayari kapteni. Baadaye kuna waliosema si askari, ni daktari, na wengine wakaapa kwamba alikuwa miongoni mwa mainjinia waliotengeneza kile chombo kilichokwenda mwezini. Fundi hakukanusha wala hakukubali. Alipenda kusikia akitajwa.

Siku ya mwezi naikumbuka mwenyewe. Safu nzima ilijaa kwa Fundi, watoto tukiwa chini ya meza, baba yangu akiwa mlangoni na ovaroli la kazini. Redio ilikuwa inakwaruza. Mtangazaji aliposema watu wametua, wazee waligawanyika papo hapo, wengine wakisema ni uongo wa wazungu. Fundi hakubishana na mtu. Alikuwa anangoja kusikia kama watarudi. Siku waliporudi na kutua baharini salama, alimwambia Mama Mwende aongeze kikombe cha unga kwenye ugali.

"Wametoka mwezini wakarudi nyumbani," alisema. "Yeye yuko hapo tu."

Mama Mwende aliuongeza huo unga, na akaendelea kuuongeza kwa siku nyingi, na mgeni hakuja, na ugali uliobaki tuliula sisi watoto wa jirani. Mama huyo alikuwa na mdomo mtamu na moyo mpana. Aliwahi kumwambia mama yangu kupitia dirishani, makusudi Fundi asikie, kwamba yeye ni nyumba ndogo tu, mke mkubwa ni Amerika. Lakini Fundi alipougua kifua na kulazwa, yeye ndiye aliyebaki akisikiliza taarifa za habari kwa niaba yake, na saa za kumwona mgonjwa alifika wodini akamweleza bei ya sukari, kisha Amerika, kisha majirani.

Si kwamba aliipenda nchi ile. Aligombana nayo kama mtu anavyogombana na wakwe. Mwaka wa njaa, tulipoletewa mahindi ya manjano kutoka kwao, Fundi alisema hawezi kula chakula cha kuku. Mama Mwende akamsongea, akaweka mezani. Fundi alikula akiwatukana Wamarekani tonge kwa tonge, akamaliza, akasukuma sahani mbele apate nyongeza. Mabondia wao wawili walipokuja kupigana Zaire, alivaa suti ya kanisani akaenda uwanja wa ndege wa Embakasi, kwa kuwa alifikiri ndege nyingi vile haziwezi kuja Afrika bila mdogo wake kuwamo hata katika moja. Alirudi jioni vumbi tupu, akasema kumbe Zaire si karibu sana.

Kuna jambo moja ambalo sisi wengine tuliliona ni upumbavu na yeye aliliona ni akili. Bibi mmoja mtalii, aliyeguswa na kisa chake, alijitolea kumlipia nauli ya kwenda huko kutafuta. Mtaa mzima ulisimama. Vijana walianza kumwagiza viatu. Fundi alimshukuru yule bibi, akampa twiga bure, akakataa.

"Mimi nikienda," alitueleza, "na yeye aje, si tutapishana hewani? Atabisha mlango mtupu. Mmoja wetu lazima akae pahali pamoja." Baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisema hilo ndilo jambo la maana zaidi alilowahi kumsikia Fundi akisema, na mimi nilikasirika nao wote wawili.

Ilikuwa hivyo mpaka Amerika ikamjia yeye. Ubalozi wao uliposhambuliwa mjini, mimi nilikuwa tayari nafanya kazi bandarini Mombasa, na niliyasikia ya nyumbani kutoka kwa mama. Alisema Fundi alitembea kwa miguu mpaka mahali pa kutoa damu, akapanga foleni na watu wa kila namna, naye si kijana. Waliotaka kumkataa kwa sababu ya umri aliwakazania mpaka wakachoka. Mwende alimgombeza aliporudi amelegea.

"Labda kule nako kuna mtu alimtolea yeye," Fundi alimwambia, akaomba chai ya rangi yenye sukari nyingi.

Miaka ikaenda. Mama Mwende alifariki, na baba yangu, na mama yangu. Mwaka Wamarekani walipochagua rais mwenye asili ya kwetu, Jericho ilikesha ikicheza ngoma, na nilipompigia Mwende simu aniambie mzee anasemaje, alisema mzee amekaa mlangoni amenuna. Alikuwa ametazama televisheni kwa jirani siku nzima, akiukagua ule umati wa washangiliaji mtu mmoja mmoja, na wapiga picha walikuwa wanazihamisha kamera haraka mno.

Halafu mwaka juzi safu yetu ilitakiwa ipishe ujenzi wa magorofa mapya. Mwende, ambaye ana duka lake mtaa wa Huruma, alinipigia akilia. Alisema baba yake amekataa, amekalia kiti mlangoni na hataki kufungiwa mizigo. Nilimwambia nitampigia mzee, lakini simu ya Fundi huwa imezimwa, maana anahifadhi betri. Nilibaki na wasiwasi. Nilimjua. Nyumba ile haikuwa nyumba kwake, ilikuwa ahadi aliyompa mtu mmoja, na sikuona ni kwa njia gani mtu wa umri ule angeng'olewa kwenye ahadi kama hiyo akaendelea kuishi. Baada ya wiki Mwende alituma ujumbe mfupi: mzee amehama mwenyewe, usijali. Sikuamini.

Nilipostaafu mwaka huu, safari yangu ya kwanza ilikuwa kwenda kumwona. Nilishuka Nairobi kwenye baridi ya Julai, nikavaa koti la kijivu na kofia, nikavuta sanduku langu la magurudumu mpaka Jericho. Mahali pa safu yetu palikuwa na ua wa mabati. Nilisimama pale kwa muda. Mwende nilikuwa nimemwambia tu kwamba nitakuja mwezi huo, na simu yangu ilikuwa imezima chaji njiani, kwa hiyo nikavuka kwenda kwa kinyozi aliye karibu na soko, mwanamume wa makamo niliyemkuta akimnyoa mteja.

"Niaje, mzae," alisema. "Unasaka nani?"

"Samahani ndugu yangu, Fundi yuwapi siku hizi? Yule wa vinyago. Naona nyumba hazipo."

Kinyozi alizima mashine. Inafaa niseme kwamba miaka ya Mombasa imeubadilisha ulimi wangu, na Kiswahili changu sasa hakifanani na cha Eastlands hata kidogo. Alinitazama koti, kofia, sanduku.

"Umetoka mbali?"

"Mbali kiasi."

Akamgeukia mteja wake, aliyekuwa amenyolewa nusu. "Umeskia vile anaongea? Si wa hapa huyu. Ni yeye bana. Buda wa majuu amekam." Akatoka nje na aproni yake, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mzae, usitoke hapa. Ukitoka, uende soko la Burma. Uulize ile bucha Fundi hunywa supu. Hao ndio wanajua penye amehamia."

Sikuelewa bado. Nilidhani Mwende amewaambia naja, na kwamba kwao hata Mombasa ni majuu, yaani ng'ambo. Nilikwenda Burma, na kabla sijafika kwenye bucha, mwenye bucha alikuwa amesimama nje anapangusa kisu, kwa sababu kinyozi alikuwa ameshapiga simu. Alinikalisha kwenye benchi na kuniwekea supu na pilipili mbele yangu.

"Karibu nyumbani, mzee," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Tumekungoja sana. Fundi alipita kwa kila mmoja wetu kabla ya kuhama. Kinyozi, mimi, mlinzi wa kanisa, mama wa viazi. Alisema mgeni wake akija atauliza Jericho kwanza, kwa hivyo kila mtu awe na pahali pa kumtuma. Alisema bila hiyo hangetoka kwa ile nyumba."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba walinidhani mdogo wake Fundi. "Hapana," nilisema. "Mimi siye. Mimi nilikuwa jirani yake tu."

Mwenye bucha alitabasamu kwa upole mwingi. "Alisema utakataa," aliniambia. "Alisema wewe ni mtu wa haya tangu utoto."

Nilijaribu tena, nikamtajia baba, kiwanda cha sabuni, safu yetu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Alikuwa ameshampigia Mwende. Mwendesha bodaboda alikuwa ameshafika, mtu mzima mwenye ndevu, akaliweka sanduku langu mbele yake juu ya tangi. "Kalia vizuri, buda," alisema. "Fundi aliniambia nisikurushe kwa matuta. Alisema mifupa yako imekaa kwa baridi miaka mingi."

Safari yote ya kwenda Huruma nilikuwa na hofu. Nilikuwa ninampelekea mzee wa karibu miaka tisini jambo alilolingoja maisha yake yote, nalo ni mimi tu. Nilifikiri nimwambie mwendesha boda asimame, nirudi nilikotoka. Lakini habari zilikuwa zimetutangulia. Tulipoingia kwenye uchochoro wao, watu walikuwa wamejaa kwenye roshani za magorofa, nguo zimesogezwa pembeni ili waone vizuri. Kwenye ghorofa la chini kulikuwa na mlango mmoja wa buluu. Fundi alikuwa amesimama mbele yake kwa fimbo, amevaa suti ya kanisani. Mwende, nyuma yake, alinitambua na kuweka kiganja mdomoni.

Fundi hakunitazama usoni. Alinitazama mabegani, kwanza la kushoto, kisha la kulia, kwa utulivu ule ule aliokuwa akiutumia kukagua mti kabla ya kuununua.

"Mabega yako sawa," alisema. "Huyu si yeye."

Nilivua kofia. "Ni mimi, Fundi. Kijana wa jirani yako. Niliwaambia, hawakunisikia. Nisamehe."

"Wewe nakujua. Mvi hizo umetoa wapi?" Alikaa chini polepole kwenye kigoda. Mwende akaleta chai, na Fundi alipopokea kikombe, chai ikamwagikia suti yake. "Umejaza sana," alimwambia bintiye. Hakuwa amekijaza. Mimi nilitazama pembeni. Watu wakaanza kurudi ndani kwao.

Kisha Fundi akaweka kikombe chini. "Haya. Nieleze. Ulianzia wapi?"

Nikamwambia, kwa kinyozi.

"Alikuuliza nini?"

Nikamweleza. Akataka kujua kinyozi alinituma wapi, kama alisitasita, kama mwenye bucha alinijua kwa kuniona au kwa kupigiwa simu, kama mwendesha boda alipita njia ya lami au ya ndani, kama kuna mahali popote nilipokosa mtu wa kuuliza. Alinihoji kama anavyokagua kazi iliyomalizika, akipitisha kidole kwenye kila kiungo. Na kadiri nilivyojibu, ndivyo alivyozidi kunyooka mgongo, na uso wake, ule wa mashavu yaliyoinuka na midomo inayozuia kicheko, ukaanza kuachia.

"Kwa hivyo mtu anaweza kushuka Jericho leo," alisema, "hajui kitu, nyumba haipo, na akafika hapa kabla chai haijapoa."

"Anaweza."

"Basi njia inapita." Alipiga fimbo chini. "Nimelala humu ndani nikijiuliza kama itapita. Mwende, lete chakula, huyu amesafiri." Nikaona kwamba alikuwa anafurahi, furaha ya kweli, na kwamba mimi niliyekuja nikimhurumia sikuwa na kazi yoyote ya kufanya hapo ila kula. Nilikula. Ugali ulikuwa mwingi kuliko watu.

Nilipokuwa naondoka alinishika mkono wa koti. "Kinyozi ana haraka," alisema. "Mwambie asiangalie sanduku. Aangalie bega la kushoto."

Kesho yake nilipita Jericho. Kinyozi aliponiona aliona aibu, akaanza kuomba radhi, nikamwambia hakuna haja, nimetumwa na Fundi. Nikampa ujumbe wake. Alizima mashine, akasimama mbele ya kioo, akalishusha bega lake mwenyewe la kushoto.

"Hivi?" aliniuliza.

Nilimwendea, nikamwekea mkono begani. "Lishushe kidogo tena," nikamwambia.